Safari ya Londiani: Makumbusho na Vyombo vya Mama Zetu



Mwezi wa Agosti, shule zilipofungwa, sisi wanawake watano na watoto sita wa ukoo mmoja tulifunga safari kutoka Mombasa kwenda Londiani, katika kaunti ya Kericho. Haikuwa safari ya matembezi. Shangazi yetu, aliyeolewa huko akiwa msichana, sasa ni mjane na umri umekwenda, na wanawe walikuwa wamekata shauri arudi pwani akae karibu na jamaa. Tulikwenda kumsaidia kufunga mizigo. Kwa kuwa watoto walikuwa nasi, tuliafikiana kwamba njiani tutawaingiza katika makumbusho, wapate kujua kuwa historia ya nchi hii haiishii katika kuta za Fort Jesus.

Treni ya siku hizi ilitufikisha Nairobi kwa saa chache. Watoto walitazama wanyama dirishani, na sisi wakubwa tukawasimulia habari za reli ya zamani, ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, na ikakamilika ufuoni mwa Ziwa Victoria, Kisumu, Desemba 1901. Waliletwa wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao Waislamu wa Punjab, na watu wapatao 2,500 miongoni mwao walikufa kabla kazi haijakwisha. Reli hiyo ndiyo iliyozaa Londiani. Pasipokuwa na stesheni, huenda pasingekuwa na mji, na shangazi yetu asingekuwa na sababu ya kupelekwa bara.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Nakuru, katika makumbusho ya Hyrax Hill, yaani Kilima cha Pimbi, yaliyo karibu na barabara kuu itokayo Nairobi. Ni makumbusho madogo. Jengo lake lilikuwa nyumba ya shamba, na lilifunguliwa kwa umma mwaka 1965. Lakini kilima chenyewe kilikuwa kimekwisha kutangazwa mahali pa urithi wa taifa tangu 1943, baada ya mtafiti Mary Leakey kufukua hapo mwaka 1937 na 1938. Ndani mna vigae vya vyungu, mabakuli ya mawe, na visu vidogo vya jiwe jeusi ling'aalo kama kioo, jiwe lililotemwa na volkano za Bonde la Ufa. Nje, mlimani, kuna mabonde madogo ya mviringo yaitwayo mashimo ya Sirikwa, ambamo wafugaji wa kale walilaza ng'ombe wao.

Watoto walichangamka zaidi walipoonyeshwa vishimo vilivyochongwa mwambani kwa mistari iliyonyooka. Hawakuhitaji kuelezwa. "Hili ni bao!" akasema mmoja wao, na papo hapo wakaanza kuokota vijiwe badala ya kete. Sisi tuliodhani bao ni mchezo wa baraza za Mji wa Kale tulisimama tukitazama mchezo wetu ukiwa umechongwa katika jiwe, mbali na bahari, na watu ambao hawajulikani hata kwa jina.

Lakini kilichotushika sisi akina mama ni habari ya makaburi. Katika makaburi ya wafugaji wa kale yaliyofukuliwa hapo, wanawake walikutwa wamezikwa pamoja na vyombo vyao, mabakuli ya mawe na mawe ya kutwangia, ilhali wanaume hawakuwekewa kitu. Tulirudia kulisoma jambo hilo. Mwanamke wa zama hizo jina lake limepotea, lugha yake imepotea, na hata watu wake hatuwezi kuwataja kwa yakini. Lakini bakuli lake lipo, na kwa bakuli hilo tunajua kwamba aliishi, alisaga, alilisha watu, na kwamba waliomzika waliona chombo hicho ni chake.

Mmoja wetu akauliza swali ambalo lilitufuata safari nzima. Sisi Waislamu hatumziki mtu na mali yake. Anakwenda na sanda, na amali zake. Basi atakapokuja mtu kututafuta baada ya miaka mingi, atajua nini juu ya mama zetu? Vyombo vyao havitafukuliwa na yeyote. Visipotunzwa na walio hai, ndiyo vimekwenda.

Kutoka Nakuru njia inapanda. Tulipita Salgaa, tukapita Mau Summit, mahali ambapo reli ya zamani ilivuka kilele cha milima ya Mau kabla ya kuanza kuteremka kwenda ziwani. Baridi ilianza kuuma, na watoto waliocheka tulipowafungia masweta sasa waliyaomba wenyewe. Tulipofika njia panda ya Londiani, mazungumzo garini yalikoma. Hapo ndipo, jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoacha njia likaingia katika magari na watu waliokuwa kando ya barabara, na zaidi ya watu 50 wakafa, wengi wakiwa wachuuzi na wasafiri waliokuwa wakingoja gari. Wanawake walikuwa wamerudi kuuza viazi na mboga, meza zao zimepangwa kama kawaida. Tulinunua mahindi ya kuchoma, tukawaombea subira waliofiwa, tukaendelea.

Mji wa Londiani uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Mashamba ya chai, tuliyotarajia kuyaona mara tu tukifika, yako mbele zaidi, upande wa mji wa Kericho, ambako makampuni ya Kiingereza yalianza kulima chai kwa wingi katika miaka ya 1920. Londiani ni nchi ya msitu, viazi, mahindi na ng'ombe wa maziwa. Chuo cha misitu kilichoanzishwa mwaka 1957 bado kipo, na harufu ya mbao mbichi inasikika hewani. Asubuhi ukungu hutanda hata mtu hamtambui jirani yake mpaka asikie salamu.

Tulipouliza makumbusho ya mji, tuliowauliza walitazamana. Mzee mmoja akatuelekeza stesheni. Hakukosea sana. Reli ilipokuwa haijafika Eldoret, yaani kabla ya mwaka 1924, shehena za nyanda za Uasin Gishu zilikuwa zikishushwa Londiani, kisha zikabebwa kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe katika njia yenye matope mengi. Walowezi, wafanyabiashara wa Kihindi, makuli, wapagazi na askari, wote walikanyaga jukwaa hilo. Leo hakuna kibao kinachosimulia hayo. Hata mabaki ya kale yaliyofukuliwa Fort Ternan, mbele kwenye reli hiyo hiyo, ambako mwaka 1961 Louis Leakey alipata taya la kiumbe kama nyani aliyeishi yapata miaka milioni 14 iliyopita, yanahifadhiwa Nairobi. Mtoto wa Londiani anayetaka kuona kilichotoka katika ardhi ya kwao lazima apande gari kwenda mji mkuu.

Wala sisi wa pwani si wageni kabisa katika nchi hii. Kabla ya reli, misafara ya Waswahili ilipita kaskazini ya hapa, ikielekea Baringo na kwingineko. Jumbe Kimemeta wa Pangani alikuwa akizijua njia hizo vizuri, hata mwaka 1883 msafiri Mskoti Joseph Thomson akafuatana naye. Baadaye Waingereza walijenga ngome Eldama Ravine, si mbali na Londiani, wakaweka askari wa Kisudani. Mwaka 1897 askari hao, waliochoshwa na safari zisizokwisha na ujira mdogo, waliasi wakiwa hapo hapo Ravine. Familia za askari wa Kisudani zilibakia nchini, na uzao wao ndio ndugu zetu Wanubi. Mume wa shangazi yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa Mnubi wa Ravine, na alifanya kazi ya reli mpaka alipostaafu.

Shangazi alitupokea mlangoni amejifunga leso mbili na sweta juu yake. Nyumba yake ni ya mbao, ina vyumba vitatu, na jiko liko nje. Tulipoingia tuliwakuta wanawe wamekwisha kuyagawa mambo mafungu matatu: vya kusafirishwa, vya kuuzwa, na vya kutupwa. Fungu la tatu ndilo lililokuwa kubwa. Hatuwalaumu. Nyumba ya Mombasa wanayompeleka ni ya ghorofani, chumba kimoja chake, na gari la mizigo hulipwa kwa uzito.

Katika fungu la kutupwa tulikuta kasha la mbao lililoliwa na mchwa chini. Shangazi alisema humo alikuwa ameweka picha ya babake mumewe akiwa na sare ya reli, na barua alizoandikiwa na mama yake kutoka Mombasa kwa herufi za Kiarabu. Tulifungua. Karatasi zilikuwa zimegeuka udongo. Picha ilikuwa imebaki pembe moja, yenye kiatu na kipande cha reli. Shangazi hakulia. Alisema tu, "Nilijua zipo, ndiyo maana sikuzitazama." Tuliyabeba maneno hayo, kwa sababu kila mmoja wetu ana kasha la namna hiyo nyumbani.

Chini ya kasha kulikuwa na vitu viwili zaidi. Cha kwanza ni kifuniko cha chakula kilichosukwa kwa rangi nyekundu, kijani na manjano, ambacho Wanubi hukiita tabaga. Sisi tulikitambua mara moja, kwani ni ndugu wa kawa yetu ya ukili, ile inayofunika sinia la mgeni. Alikisuka mama mkwe wake, na kwa miaka mingi ndicho kilichofunika futari ya nyumba hiyo. Cha pili ni kibuyu kirefu chenye mfuniko wa ngozi, kilichopambwa kwa shanga na kwa kauri. Hicho ni sotet, kibuyu cha Wakipsigis cha kugandishia maziwa, yale maziwa maarufu yaitwayo mursik.

"Hiki si changu," akasema shangazi. "Hiki nimepewa."

Ndipo alipotusimulia. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza alikuwa mgeni, hajui lugha, na mama yake yuko Mombasa. Jirani yake Mkipsigis alikuja kila asubuhi kwa muda wa arubaini na kibuyu hicho cha maziwa. Siku ya arubaini alimwachia kibuyu chenyewe. Miaka ikapita. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Londiani ilikuwa miongoni mwa miji iliyoumia; watu walichomewa nyumba na kufukuzwa, kama ilivyokuwa imetokea pia miaka ya mwanzo ya 1990. Shangazi na mumewe walifunga nyumba wakakimbilia Nakuru kwa jamaa. Kabla ya kuondoka, jirani yule yule alikuja usiku, akachukua tabaga, misahafu na cherehani, akavificha kwake. Waliporudi baada ya miezi kadhaa walikuta madirisha yamevunjwa, lakini vitu vile vilirudishwa vyote, na tabaga imefungwa ndani ya blanketi.

Wanawe walinyamaza. Walikuwa watu wazima wakati huo, lakini walikuwa mbali kazini, na habari hiyo walikuwa hawajaisikia. Mmoja wao alikuwa amekiweka kibuyu katika fungu la kutupwa kwa mkono wake mwenyewe.

Kesho yake tulikwenda kwa jirani huyo. Ni kikongwe sasa, na watu wa mtaani humwita Kogo, yaani bibi. Watoto walimwamkia, "Shikamoo," naye akaitika, "Marahaba," kisha akawafundisha kusema, "Chamgei." Alitueleza namna kibuyu kinavyotunzwa. Husuguliwa ndani kwa brashi ya ufito iitwayo sosiot, na katika kaunti hii mna mji wenye jina hilo hilo. Kisha kijiti cha mti wa senetwet huchomwa, na mkaa wake ukasuguliwa ndani ya kibuyu mpaka kikawa cheusi kote. Ndipo hutiwa maziwa yaliyochemshwa na kupoa, yakafunikwa na kuachwa siku kadhaa. Mkaa huo ndio unaoyapa maziwa harufu yake na rangi ile ya kijivu. Watoto walionja, wawili wakaomba tena, wanne wakatafuta maji.

Tulimwuliza kauri zile zilikotoka. Akacheka. "Si kwenu?" akasema. Kweli, kauri ni za baharini. Ziliokotwa ufuoni na mtu wa kwetu, zikabadilishwa mkono kwa mkono, zikapanda milima, mpaka zikafika katika ngozi ya kibuyu cha mama wa Kikipsigis, nacho kikarudi kwa mwanamke wa pwani aliyejifungua.

Shangazi alikuwa amekuja na tabaga ndani ya mfuko. Alimwambia Kogo kwamba anaondoka, na kwamba anaomba ruhusa ya kukichukua kibuyu. Na akamwomba apokee tabaga. Kogo aliigeuza mikononi kwa muda mrefu. Alisema ameilinda mara moja, na sasa ataitumia. Kisha akamwita mkaza mwanawe, akamwagiza akate vijiti vya senetwet na kuvifunga kwa kamba, kwa sababu alikuwa na hakika kwamba Mombasa havipatikani, na kibuyu kisichotumiwa hupasuka. Shangazi aliuliza kama kibuyu kitastahimili joto na unyevu wa pwani. Kogo akajibu kwamba hajui. Sisi pia hatujui. Kimo jikoni Mombasa hivi sasa, na kila wiki husuguliwa.

Tangu turudi tumekuwa tukilinganisha yale mabakuli ya Hyrax Hill na kibuyu hiki. Bakuli la jiwe limehifadhiwa vizuri, chini ya kioo, lakini hakuna awezaye kutuambia alilipewa na nani, wala alimlisha nani. Kibuyu na tabaga zilikuwa na habari yote, zina mashahidi wawili walio hai, na bado zilikuwa siku mbili tu kutoka jaani. Chombo hudumu kwa jiwe, au hudumu kwa simulizi. Vyombo vya mama zetu ni vya ukili, mti, udongo na kitambaa. Havina nguvu ya jiwe, kwa hiyo nguvu yao yote ni simulizi.

Hatusemi kwamba makumbusho hayana kazi. Tunazipenda Fort Jesus na makumbusho ya Lamu, na tungefurahi kuiona siku moja stesheni ya zamani ya Londiani ikiwekewa chumba kimoja cha historia, chenye kibuyu cha Mkipsigis, tabaga ya Mnubi, nyundo ya kuli wa Punjab, na jembe la mkulima wa Kikuyu aliyefukuzwa kisha akarejea. Mji uliopigana unahitaji mahali ambapo watoto wake watakiona kitu cha jirani na kuambiwa, "Huyu naye alikuwepo." Lakini chumba hicho kikipatikana leo, kitawekwa nini, ikiwa sisi tumekwisha kutupa?

Kwa hiyo tunawaomba akina mama wenzetu jambo ambalo halina gharama. Jumamosi hii, au siku yoyote ya nafasi, lifungueni kasha msilolifungua. Mwekeni mtoto karibu na daftari. Kwa kila kitu, aandike mambo manne: ni nini, kilitengenezwa na nani, kilifikaje katika nyumba hii, na kilitumika siku gani. Aandike hata majina ya majirani. Barua za herufi za Kiarabu asomewe na mzee angali hai, na zinakiliwe kwa herufi anazozisoma yeye. Picha zipigwe picha nyingine. Na kitu ambacho hakuna budi kukiacha, kiachieni mtu atakayekitumia, pamoja na habari yake.

Watoto wetu wameanza. Ukurasa wa kwanza wa daftari lao una michirizi ya mkaa wa senetwet, na mwandiko si mzuri, lakini majina ya wanawake wawili yameandikwa hapo, mmoja wa Londiani na mmoja wa Mombasa, na tarehe ya arubaini ya mtoto ambaye leo ana mvi.

Mwenyezi Mungu awape afya wazee wetu, awarehemu waliotangulia, na atujaalie kuwa watunzaji wa amana walizotuachia. Wabillahi tawfiq.